Rais akiteua watu kwa ofisi isiyotajwa na Katiba: mpaka wake uko wapi na anazuiwaje?

Mpigakura47:

Hamjambo wanajukwaa. Swali langu ni la Kenya, na naomba anijibu mwenye kuijua sheria, bila kujali ni wa mrengo gani.

Siku ya uchaguzi mkuu napewa karatasi sita: Rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na MCA (mwakilishi wa wadi). Baada ya hapo, wengi wa wanaofanya maamuzi yanayonigusa hawakuwa kwenye karatasi hata moja. Waziri, katibu wa wizara, mwenyekiti wa shirika la umma, kamishna wa kaunti, mshauri wa Ikulu, wote wameteuliwa. Sisemi kuteua ni kosa, maana hakuna Rais anayeweza kuendesha serikali peke yake. Ninachotaka kujua ni hiki:

1. Je, Rais anaweza kubuni ofisi mpya kabisa na kumweka humo amtakaye?
2. Mwananchi anayepinga aanzie Bungeni au kortini?
3. Ana muda kiasi gani?
4. Mtu akishaapishwa, anatolewaje?

Muhuri_na_Sahihi:

Ndugu, nianze na swali lako la kwanza kwa sababu mengine yote yananing'inia hapo. Wengi huanza kwa kumchunguza mtu: amesoma wapi, ana kesi gani, ni wa kabila gani. Anza na ofisi. Mtu mwenye sifa zote akiketi kwenye ofisi isiyo halali, uteuzi wake hauna msingi. Na ofisi ikiwa halali, kumpinga mtu ni kibarua kigumu zaidi.

Ofisi za kuteuliwa na Rais ziko za namna tofauti, na kila namna ina mlango wake.

Kuna zile ambazo Katiba yenyewe imezitaja na kutaka idhini ya Bunge la Kitaifa. Kifungu cha 132(2) kinawataja mawaziri, Mwanasheria Mkuu, Katibu wa Baraza la Mawaziri, makatibu wa wizara na mabalozi. Idadi ya mawaziri imewekewa mipaka na Kifungu cha 152: wasipungue 14 na wasizidi 22, na hakuna anayeruhusiwa kuwa mbunge. Makatibu wa wizara wana kizuizi cha ziada: chini ya Kifungu cha 155, Rais huchagua miongoni mwa majina yaliyopendekezwa na Tume ya Utumishi wa Umma (PSC), kisha Bunge liidhinishe.

Kuna zile ambazo Rais ni mtu wa mwisho tu katika mlolongo. Majaji ndio mfano ulio wazi. Kifungu cha 166 kinasema anawateua kulingana na mapendekezo ya Tume ya Huduma za Mahakama (JSC). Mwaka 2019 JSC ilipeleka majina 41 na Rais akakataa kuwateua. Februari 2020 Mahakama Kuu ikaamua kwamba hana hiari ya kuchagua ndani ya orodha hiyo. Hata hivyo, Juni 2021 aliteua 34 na kuwaacha sita (mmoja wa wale 41 alikuwa ameshafariki), na hao sita walisubiri hadi Septemba 2022, Rais mpya alipoingia. Hapo utaona shida ambayo haizungumzwi vya kutosha: mamlaka ya Rais huvuka mpaka kwa kuteua, na huvuka pia kwa kukataa kuteua. Korti inaweza kutamka sheria na bado kiti kikabaki kitupu.

Sasa ofisi mpya. Kifungu cha 132(4)(a) kinamruhusu Rais kuanzisha ofisi katika utumishi wa umma, lakini *kulingana na pendekezo la PSC*. Kifungu cha 234 ndicho kinachoipa PSC kazi ya kuanzisha na kufuta ofisi. Kwa hiyo jibu la swali lako la kwanza ni hapana, hawezi peke yake. Na si pendekezo la jina la ofisi tu, hata idadi ya viti inahesabika.

Tazama mawaziri wasaidizi, wale wa CAS. Ofisi hiyo ilibuniwa 2018. Aprili 2021 Mahakama Kuu ikasema iliundwa kinyume cha Katiba. Baadaye PSC ikaianzisha upya kwa nafasi 23, na umma ukaulizwa maoni kuhusu hizo 23. Machi 2023 Rais akateua watu 50. Chama cha Mawakili (LSK) na Katiba Institute wakaenda kortini, na tarehe 3 Julai 2023 wengi wa majaji watatu wakaamua uteuzi wote ni batili. Zile nafasi 27 za nyongeza hazikuwa zimepitia ushirikishaji wa umma hata kidogo. Serikali haikushindwa kwa sababu ya sifa za mtu yeyote kati ya wale 50. Ilishindwa kwa hesabu: 50 toa 23.

Kwa hiyo uteuzi ukitangazwa, soma Gazeti Rasmi la Serikali kabla ya kusoma habari. Hutoka kila Ijumaa, na matoleo maalum siku yoyote. Tovuti ya Kenya Law inayaweka bure. Kila tangazo la uteuzi huanza kwa kutaja kifungu kinachompa mteuzi mamlaka. Andika namba ya tangazo, tarehe na kifungu hicho, halafu kifungue ukisome neno kwa neno. Mara nyingi kasoro iko hapo: kifungu kinampa Rais nguvu ya kuteua mwenyekiti wa bodi lakini wajumbe ni kazi ya waziri, au kinataka jopo la uteuzi lipeleke majina kwanza.

Kumbuka pia Kifungu cha 135: uamuzi wa Rais anaoufanya kwa mamlaka ya Katiba lazima uwe kwa maandishi na uwe na muhuri na sahihi yake. Tamko la jukwaani kwenye mkutano wa hadhara si uteuzi.

Bi Kiapo:

Nakubaliana na Muhuri_na_Sahihi kuhusu ofisi. Niongeze ya Bunge, kwa sababu watu hulidharau kisha wanalalamika wakati dirisha limeshafungwa.

Sheria inayoongoza kupigwa msasa, yaani kuchunguzwa kwa wateule, ni ile ya Uidhinishaji wa Bunge kwa Uteuzi wa Umma ya 2011. Jina likifika Bungeni, kamati ina siku 28 kulichunguza na kuwasilisha ripoti. Umma lazima ujulishwe mahali na saa ya kikao angalau siku saba kabla. Siku hizo saba ndizo zako, maana sehemu ya 6 ya sheria hiyo inamruhusu mtu yeyote, kabla ya kikao, kupeleka kwa Karani wa Bunge maelezo ya maandishi *chini ya kiapo* yanayopinga kufaa kwa mteule.

Maneno "chini ya kiapo" yana uzito. Barua ya kawaida au barua pepe yenye hasira haina nguvu hiyo. Hati yenyewe inatakiwa iwe hivi: jina lako kamili na namba ya kitambulisho, aya zenye namba, kila aya na hoja moja ya ukweli unaoujua, na chanzo cha unachokijua. Ushahidi unaambatishwa nyuma, kila kimoja kimewekewa alama na kutajwa ndani ya aya husika. Unatia sahihi mbele ya kamishna wa viapo, naye anagonga muhuri kwenye hati na kwenye kila kiambatisho. Peleka nakala mbili, moja irudi kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa na tarehe. Bila nakala hiyo huna namna ya kuonyesha baadaye kwamba ulilalamika kwa wakati.

Makosa ninayoyaona kwenye hati zinazotupwa ni yale yale. Vipande vya magazeti vinaambatishwa bila hati ya korti au ripoti ya mkaguzi iliyo nyuma ya habari hiyo. Mteule anatuhumiwa kwa kesi ambayo ni ya mtu mwingine mwenye jina linalofanana. Hati inajaa siasa na haigusi mambo matatu ambayo kamati inatakiwa kuyatazama chini ya sehemu ya 7: utaratibu uliotumika kumpata mteule, masharti ya Katiba na sheria kuhusu ofisi hiyo, na kufaa kwake kwa kuzingatia mahitaji ya ofisi. Panga hati yako kwa mambo hayo matatu na itasomwa.

Sasa hatari. Sehemu ya 9 inasema muda ukiisha na Bunge halijakubali wala kukataa, mteule anachukuliwa kuwa *ameidhinishwa*. Kimya cha Bunge ni ndiyo. Hili ni pengo baya, na kwa maoni yangu ndilo la kwanza linalostahili kurekebishwa. Kumbuka pia kwamba kamati hupendekeza tu, Bunge zima ndilo huamua. Mwaka 2022 kamati ilipendekeza mteule mmoja wa uwaziri akataliwe, na Bunge likampitisha. Kwa upande mwingine, Agosti 2024 Bunge lilimkataa mteule wa Wizara ya Jinsia na Rais akalazimika kutafuta jina jingine. Kwa hiyo si kweli kwamba haiwezekani, ila ni nadra.

Wakili_Mnyamavu:

Bi Kiapo ameeleza vizuri, ila mimi nina shaka na kuweka matumaini Bungeni. Chama au muungano wa Rais ukiwa na wengi, msasa unakuwa utaratibu wa kutimiza. Tena ofisi zenye utata zaidi haziendi Bungeni kabisa. Wale wa CAS majina yao yalipelekwa, na Bunge likasema halina sheria inayolipa kazi ya kuwapiga msasa. Wakaapishwa tarehe 23 Machi 2023, na kesho yake korti ikatoa agizo la kuwazuia wasianze kazi.

Kuhusu korti, mambo yanayowaangusha watu ni haya.

*Nani ashtaki.* Mtu yeyote. Vifungu vya 22 na 258 vinakuruhusu kwenda kwa niaba yako, ya kundi au kwa maslahi ya umma. Huhitaji kuonyesha kwamba uteuzi umekudhuru wewe binafsi.

*Umshtaki nani.* Usimweke Rais kama mshtakiwa. Machi 2022, katika kesi ya BBI (ule mpango wa kurekebisha Katiba), Mahakama ya Juu ilishikilia kwamba Rais aliye madarakani hashtakiwi kwa kesi ya madai kuhusu aliyoyatenda au kutoyatenda akiwa kazini. Mshtaki Mwanasheria Mkuu, pamoja na taasisi iliyohusika, kwa mfano PSC. Aliyeteuliwa mwingize kama mhusika mwenye maslahi. Ukimwacha nje, atakuja kulalamika kwamba alihukumiwa bila kusikizwa, na atakuwa na haki.

*Korti ipi.* Hapa ndipo kesi nzuri hufa. Kifungu cha 165(3)(d) kinaipa Mahakama Kuu kazi ya kutafsiri Katiba. Lakini mzozo ukiwa kiini chake ni ajira, yaani nani aliajiriwa, alihojiwa vipi, alifutwaje, mamlaka ni ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu katika kesi ya Karisa Chengo mwaka 2017, korti hizi zenye hadhi sawa haziruhusiwi kuingiliana. Jiulize: malalamiko yangu ni kuhusu *kuwepo kwa ofisi* au ni kuhusu *namna mtu alivyoajiriwa*? La kwanza lipeleke Mahakama Kuu. La pili, tafuta ushauri kabla ya kulipa ada.

*Ombi lenyewe.* Kuna kanuni tangu kesi ya Anarita Karimi Njeru ya 1979: taja kwa usahihi kifungu kilichovunjwa, kimevunjwa vipi, na madhara yake ni yapi. "Rais amevunja Katiba" haitoshi. "Kifungu cha 132(4)(a) kimevunjwa kwa kuwa hakuna pendekezo la PSC kwa nafasi ya 24 hadi ya 50" inatosha. Kanuni za 2013 za kesi za haki za msingi zimelegeza mambo ya mtindo, hata barua inaweza kupokelewa, lakini hazikulegeza hitaji hili la usahihi.

*Agizo la muda.* Pamoja na ombi, weka hoja chini ya hati ya dharura ukiomba agizo la kulinda hali ilivyo hadi kesi isikizwe. Jaji ataangalia kama kesi ina mashiko, kama itakosa maana agizo likinyimwa, na maslahi ya umma yako wapi. Jambo la pili ndilo linalotegemea kasi yako. Ukifika kabla ya kiapo, ni rahisi kueleza kwa nini dharura. Ukija miezi mitatu baadaye, mtu yuko ofisini, ametia sahihi mikataba na amelipwa mishahara, jaji atauliza ulikuwa wapi. Na agizo likitoka, lifikishe kwa wahusika siku hiyo hiyo na uandae kiapo cha uwasilishaji. Agizo ambalo halijamfikia mtu ni vigumu kumwadhibu kwa kulivunja.

Jihadhari pia na ushindi wa karatasi. Julai 2025 Mahakama Kuu ilifuta tangazo la uteuzi wa mwenyekiti na makamishna wa IEBC, tume ya uchaguzi, kwa sababu lilichapishwa korti ikiwa imeshatoa agizo la kulizuia. Lakini ilikubali kwamba mchakato wa kuwapata ulikuwa sawa. Tangazo jipya likachapishwa na wakaapishwa mara moja. Kama kasoro uliyoikamata ni ya hatua moja tu, serikali itairudia hatua hiyo na kuendelea.

Bi Kiapo:

Wakili, hata kama Bunge lina wengi wa Rais, kile kiapo hakipotei bure. Ukifika kortini na nakala yenye muhuri wa Karani ikionyesha kwamba kamati iliambiwa jambo fulani na ripoti yake haikuligusa hata kwa sentensi moja, una hoja ya utaratibu. Korti husita sana kubadilisha maoni ya Bunge kuhusu kufaa kwa mtu. Uteuzi wa mwenyekiti wa EACC (tume ya kupambana na ufisadi) uliofutwa na Mahakama Kuu mwaka 2012 ulirudishwa na Mahakama ya Rufaa 2013 kwa sehemu kubwa kwa sababu hiyo. Lakini kutokuchunguza kabisa ni jambo jingine. Ndiyo maana nasema pitia Bungeni kwanza pale mlango upo.

Wakili_Mnyamavu:

Hapo nakubali, mradi usisubiri ripoti ya kamati ndipo uanze kuandika ombi. Viandike vyote viwili wiki moja.

Mpigakura47:

Asanteni sana, nimeelewa mengi. Bado mambo mawili. Washauri wa Ikulu je? Hao hawapigwi msasa na sijawahi kuona tangazo lao. Na la nne: aliyeapishwa tayari anatokaje?

Muhuri_na_Sahihi:

Washauri ni eneo lenye giza zaidi. Kifungu cha 234(4) kinasema PSC haitamteua mtu katika wafanyakazi binafsi wa Rais bila ridhaa ya Rais. Soma vizuri: kinampa Rais kura ya kukubali, hakimwondoi mshauri kwenye utumishi wa umma. Akilipwa kutoka hazina ya umma, maswali ya ofisi iliundwa lini, kwa pendekezo gani na kwa ngazi gani ya mshahara bado yanasimama.

Kitu cha kuangalia zaidi ni *kazi* anayoifanya. Mshauri anashauri. Akianza kuwaamrisha makatibu wa wizara, kuongoza vikao vinavyotoa maamuzi au kuelekeza fedha, anatumia mamlaka ya waziri bila kupigwa msasa na bila kuitwa mbele ya kamati za Bunge. Makatibu wa wizara ndio maafisa wa uhasibu, na wanawajibika wao wenyewe kwa fedha. Katibu aliyefuata maagizo ya mshauri hawezi kujificha nyuma yake mbele ya mkaguzi.

Ili upate hati, tumia Sheria ya Kupata Habari ya 2016. Andika kwa afisa wa habari wa taasisi, eleza wewe ni raia, na uombe vitu mahususi: pendekezo la PSC la kuanzisha ofisi, idadi ya nafasi zilizoidhinishwa, maelezo ya kazi, barua ya uteuzi. Usiombe "taarifa zote kuhusu washauri", utakataliwa kwa kuwa ombi halieleweki. Wana siku 21 za kujibu, na wanaweza kujiongezea siku 14 mara moja tu. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, yaani Ombudsman. Peleka ombi hili kwa PSC pia, si kwa Ikulu peke yake. PSC ndiyo yenye kumbukumbu ya nafasi zilizoidhinishwa, na jibu la "hatuna pendekezo kama hilo" ni ushahidi mzito kuliko waraka wowote ambao ungepewa.

Bi Kiapo:

Kuondolewa kunategemea ofisi. Waziri anaweza kufutwa na Rais wakati wowote bila kuuliza mtu, kama ilivyotokea Julai 2024 karibu baraza zima lilipofutwa kwa siku moja.

Bunge nalo lina njia yake chini ya Kifungu cha 152. Hoja inahitaji kuungwa mkono na robo ya wabunge wote, na kwa Bunge la wabunge 349 hiyo ni 88. Sababu ni ukiukaji mkubwa wa Katiba au sheria, shaka nzito kwamba ametenda uhalifu, au utovu mkubwa wa nidhamu. Thuluthi moja, yaani 117, wakiiunga mkono, kamati teule ya watu 11 inaundwa na kupewa siku 10. Ikisema tuhuma zimethibitishwa na wengi wa wabunge wote, 175, wakapiga kura ya kukubali, Rais lazima amfute. Ikisema hazikuthibitishwa, mambo yanaishia hapo. Ndivyo ilivyokuwa Mei 2024 kwa waziri wa kilimo katika sakata la mbolea ghushi: hoja ilipita Bungeni, ikafa kwenye kamati.

Wajumbe wa tume huru na wenye ofisi huru, kama Mkaguzi Mkuu na Msimamizi wa Bajeti, Rais hawezi kuwafuta. Kifungu cha 251 kinataka malalamiko yaende Bunge la Kitaifa, kisha jopo maalum lichunguze. Kwa hiyo ukiwa na muda wa kupigania uteuzi mmoja tu, pigania wa hawa. Waziri mbaya atatolewa na Rais huyu au ajaye. Kamishna akishaingia, hakuna anayeweza kumtoa kwa kalamu.

Wakili_Mnyamavu:

Moja la mwisho kwa Mpigakura47, kuhusu tarehe. Siku 21 za ombi la habari na siku saba za kikao cha msasa hazilingani, kwa hiyo usisubiri jina litangazwe ndipo uombe hati. Ofisi huundwa kabla ya majina. PSC ikitangaza nafasi gazetini, siku hiyo ndiyo ya kuandika kuuliza ni nafasi ngapi zimeidhinishwa na umma ulishirikishwa lini.